Mabao ya kijana yanapima nini? Tumwangalie Samatta

Kalemie, mtoto akifunga mabao matano Jumapili, Jumatatu jamaa wanaanza kuongea habari za Lubumbashi. Lakini mabao peke yake hayatoshi.

Mbwana Samatta, Mtanzania, alitoka Simba akaingia TP Mazembe mwaka wa 2011, akiwa na miaka 18. Mwaka wa 2015 alifunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na Mazembe ikachukua kombe. Kule Genk, Ubelgiji, alifunga 23 ya ligi msimu wa 2018-2019, timu ikawa bingwa. Januari 2020 akaenda Aston Villa, Uingereza: mechi 14 za ligi, bao 1.

Miguu ni ile ile. Mazembe na Genk zilikuwa zinashambulia, mpira unamfikia karibu na goli. Villa ilikuwa inapigana isishuke daraja.

Basi mtoto wa mtaani au wa kambini aulizwe hivi: nani anampa mpira? Mabeki anaowapita wana umri gani, ule wa kweli? Anayeomba pesa ya safari kabla ya kuuliza hayo, wazazi wamwogope. Samatta mwenyewe alikaa Mazembe karibu miaka 5 kabla ya Ulaya.