Maneno Chini ya Uso wa Saa ya Lincoln

Mwaka 1906 mzee mmoja mzaliwa wa Ireland, Jonathan Dillon, aliliambia gazeti la New York Times jambo lililotokea miaka 45 nyuma. Aprili 1861 alikuwa fundi saa katika duka la M. W. Galt mjini Washington, na mezani kwake ilikuwapo saa ya mfukoni ya Rais Abraham Lincoln, imeletwa kutengenezwa. Dillon alikuwa akikaza skrubu za uso wa saa pale tajiri wake alipomletea habari kwamba ngome ya Fort Sumter imeshambuliwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimeanza. Fundi akaufungua tena ule uso, akachora maneno machache kwenye bamba la chini yake, akaurudishia. Lincoln akaendelea kutembea nayo mfukoni bila habari.

Saa ilibaki kwenye ukoo wa Lincoln hadi mwaka 1958, kitukuu wake Lincoln Isham alipoikabidhi makumbusho ya Smithsonian. Asili yake inajulikana vizuri: ni ya dhahabu, mitambo yake ilitoka Liverpool, na Lincoln aliinunua miaka ya 1850 kwa sonara George Chatterton wa Springfield, Illinois, enzi hizo akiwa bado wakili.

Warithi wengi wa saa kuukuu hawana bahati ya kumbukumbu kama hizo, nao hukosea kwa kutazama kasha tu. Saa ya mfukoni ya karne ya 19 ni vitu viwili, kasha na mitambo, na mara nyingi kila kimoja kilitoka kwa fundi wake, pengine hata nchi yake. Kasha la fedha la Uingereza hujieleza kwa mihuri midogo isiyosomeka bila kioo cha kukuzia: simba anayetembea ni fedha ya 925 kwa 1,000, kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na herufi iliyo pembeni hutaja mwaka kasha lilipopimwa. Umbo la herufi na la ngao iliyoizunguka lazima yasomwe pamoja, maana herufi zilizungushwa upya kila alfabeti ilipokwisha. Uswisi, kuanzia miaka ya 1880, ilipiga dubu kwenye fedha na kindi kwenye dhahabu ya karati 14.

Kwa saa za Marekani, za Waltham au Elgin kwa mfano, mihuri ya kasha haisaidii sana. Kinachotafutwa ni namba iliyochorwa kwenye mitambo yenyewe, kwa kuwa orodha za viwanda hivyo huonyesha namba ipi ni ya mwaka upi. Namba ya kasha ni ya mtengeneza kasha, wala haihusiani nayo.

Tundu la kutilia ufunguo nalo huwadanganya watu, wakadhani saa ni ya zamani zaidi kuliko ilivyo. Fundi saa Adrien Philippe alibuni saa isiyohitaji ufunguo miaka ya 1840, lakini za ufunguo ziliendelea kutengenezwa kwa miongo kadhaa baadaye. Ushahidi mzuri kuliko huo ni mikwaruzo ya mafundi. Zamani fundi akishatengeneza saa aliweza kuchora jina lake na tarehe mahali ambapo fundi mwenzake tu ndiye atakayefika.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Dillon. Kisa chake kilipitishwa katika ukoo mpaka kilembwe wake akawafikishia Smithsonian, na Machi 10, 2009 fundi akaifungua saa mbele ya waandishi wa habari. Maneno yalikuwapo. Ila hayakuwa yale aliyoyasimulia uzeeni. Mwaka 1906 alidai aliandika kwamba utumwa umekufa. Kwenye bamba utumwa haukutajwa popote. Alichochora ni kwamba waasi wameshambulia, na kwamba anamshukuru Mungu kuwa serikali ipo. Tarehe yake ni Aprili 13, ilhali mizinga ilianza kulia tarehe 12, na jina la Sumter amelitilia p isiyokuwamo.

Wala hakuwa peke yake mle ndani. Fundi mwingine, L. E. Grofs, alisaini Septemba 1864, na huenda aliyasoma maneno ya mwenzake wakati Lincoln angali hai. Pia pamechorwa jina la Jeff Davis, rais wa upande wa waasi.