Mashine ya Kazi na Mashine ya Sebuleni: Tepu za Rili na Historia ya Sauti Kaskazini mwa Tanzania

Tarehe 26 Februari 1963, redio ya Sauti ya Injili ilifunguliwa rasmi Addis Ababa chini ya Fungamano la Kilutheri Duniani, ikiwa na mitambo miwili ya masafa mafupi yenye nguvu ya kilowati 100 kila mmoja. Vipindi vyake vingi havikuzaliwa Ethiopia. Vilirekodiwa katika studio za makanisa kwenye nchi za wasikilizaji, na studio ya Kiswahili ilikuwa Moshi. Tepu zilizojaa zilifungwa, zikasafirishwa hadi Addis Ababa, kisha maneno yakarudi kwa njia ya hewa. Kwa hiyo mkazi wa Elerai, leo kata ya jiji la Arusha, aliyefungua redio yake jioni alisikia sauti iliyotamkwa umbali wa kilomita 80 hivi tu kwa barabara, lakini iliyokwenda na kurudi zaidi ya kilomita 1,300 kila upande. Safari hiyo inajibu vizuri swali ambalo wapenzi wa vyombo vya zamani hulibishania hadi leo: ni kipi kinachoifanya tepurekoda moja iitwe ya kazi na nyingine ya nyumbani? Jibu la haraka ni utamu wa sauti, au bei, au uzito wa chuma. Hoja ya makala haya ni kwamba mashine ya kazi ni ile ambayo mashine nyingine, iliyo mbali na mikononi mwa fundi mwingine, inaweza kuitegemea.

Mwanzoni mgawanyiko huo haukuwapo. Magnetophon ya AEG ilipoonyeshwa Berlin mwaka 1935, na Ampex ya kwanza ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1948, hizo zilikuwa mashine za taasisi kama vituo vya redio, na mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kuzipata. Soko la nyumbani lilikua katika miaka ya 1950, na viwanda vikalazimika kuamua nini kipunguzwe ili bei ishuke. Mfano ulio wazi ni wa Willi Studer wa Uswisi: kuanzia mwaka 1951 kampuni yake ilitumia jina la Revox kwa mashine za nyumbani, huku jina la Studer likibaki kwa mashine za studio. Mwaka huohuo wa 1951 ndipo Sauti ya Dar es Salaam, mzizi wa Redio Tanzania, ilipoanza kurusha matangazo. Kwa maneno mengine, utangazaji wetu ulizaliwa wakati ambapo ulimwengu ulikuwa unaanza kuzitenga mashine hizo katika makundi mawili.

Cha kwanza kupunguzwa kilikuwa tepu yenyewe. Tepu ya kawaida ya mita 366, yenye upana wa milimita 6.3, ikienda sentimita 38 kwa sekunde huisha kwa dakika 16; kwa sentimita 19 hudumu dakika 32, na kwa 9.5 dakika 64. Aliyenunua mashine kwa ajili ya sebuleni alitaka muziki mrefu kwa tepu chache, hivyo kiwanda kilimpa kasi ndogo, kisha kikaugawa upana wa tepu katika njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi baada ya kugeuza rili. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa mwenye kipato cha kawaida, lakini gharama yake haikukosekana. Njia inapokuwa nyembamba, mvumo wa tepu hukaribia sauti yenyewe. Isitoshe, mhariri wa redio hukata kwa wembe sentensi iliyokosewa na kuunga ncha kwa utepe wa gundi. Tepu iliyorekodiwa pande zote mbili haikatiki hivyo bila kuharibu kilicho upande wa pili. Studio ilikubali kutumia tepu nyingi kwa sababu ilihitaji nafasi ya kusahihisha.

Baada ya tepu huja mwendo. Mashine nyingi za bei nafuu zina mota moja inayofanya kila kitu kwa mikanda ya mpira na magurudumu: kuvuta tepu, kukunja, kurudisha nyuma. Mpira ukichoka, kasi hubadilika. Nyumbani jambo hilo hupita bila kuonekana, kwa sababu mashine iliyorekodi polepole ndiyo hiyohiyo inayocheza polepole, na kosa hujifuta lenyewe. Kipindi cha nusu saa kilichorekodiwa Moshi kwenye mashine iliyokosea kasi kwa asilimia mbili kingefika Addis Ababa kikiwa kimerefuka au kufupika kwa sekunde 36, na sauti ya msemaji ikiwa imepanda au kushuka. Ndiyo maana mashine ya studio hupewa mota tatu, mwili wa chuma usiopinda, na hedi tatu ili fundi mitambo asikilize kilichokwisha kuandikwa kwenye tepu wakati kazi ikiendelea. Hupewa pia skrubu zinazofikika kwa urahisi, ili hedi inyooshwe kwa kutumia tepu ya vipimo, ileile inayotumika kwenye kituo cha upande wa pili.

Kuna pingamizi lenye nguvu hapa. Masafa mafupi huchuja sauti: besi hupungua, sauti za juu hupotea, na mawimbi hupanda na kushuka. Kwa nini basi studio ya Moshi ijisumbue na ubora ambao msikilizaji wa Elerai asingeusikia? Pingamizi hili lina nguvu dhidi ya wanaopima hadhi ya mashine kwa utamu. Lakini masafa mafupi hayaondoi kuyumba kwa kasi, hayarudishi neno lililokatika, wala hayarekebishi saa ya kipindi. Tena kosa la tepu huongezeka kila inaponakiliwa. Kadiri njia ya kumfikia msikilizaji ilivyokuwa mbovu, ndivyo tepu ya mwanzo ilivyopaswa kutoongeza ubovu mwingine juu ya huo.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: mashine zilizouzwa kwa wenye nyumba zilifanya kazi nzito za redio, na pengine mpaka huo ni wa matangazo ya biashara tu. Ni kweli kwamba Revox A77 ya mwaka 1967 ilikuwa na mota tatu, hedi tatu na kasi iliyodhibitiwa kwa elektroniki, na kwamba Uher 4000 Report, iliyotoka mwaka 1961, ilibebwa begani na wanahabari wa redio katika nchi nyingi. Hata hivyo, ushahidi huo unaithibitisha hoja yetu. Ile A77 iliuzwa kwa namna tofauti: yenye njia nne na kasi za 9.5 na 19 kwa msikilizaji, na yenye njia mbili na kasi za 19 na 38 kwa anayebadilishana tepu na wengine. Umbo ni lilelile. Kilichobadilika ni uwezo wa kazi yake kupokelewa kwingine. Kiwanda hichohicho kilipoigeuza B77 ya mwaka 1977 kuwa PR99 ya studio, kilibakiza msingi wa mitambo yake na kuipa viunganishi vya waya vinavyolingana na meza za redio. Wahandisi wa Uswisi walijua kwamba sauti ilikuwa tayari nzuri. Kilichokosekana ni lugha ya kuzungumza na mitambo mingine.

Lililobaki ni swali la leo. Sauti ya Injili ya Addis Ababa ilitaifishwa Machi 1977 na utawala wa kijeshi wa Ethiopia, kaseti ikaishinda rili majumbani, kisha kompyuta ikavishinda vyote viwili. Mtu anaweza kusema kwamba kwa kuwa kila kitu sasa kinahamishiwa kwenye faili, hadhi ya mashine ni habari ya wakusanyaji wa vitu vya kale. Anayesema hivyo hajajaribu kuihamisha tepu asiyoijua. Tepu ya nyumbani ya njia nne ikiwekwa kwenye hedi ya studio inayosoma upana wote, nyimbo za pande zote mbili zitasikika pamoja, na za upande mmoja zitasikika kinyumenyume. Tepu iliyorekodiwa kwa kanuni ya Marekani ya kulinganisha besi na sauti za juu, ikichezwa kwenye mashine ya kanuni ya Ulaya, itatoa sauti yenye rangi isiyokuwa yake, na faili litaihifadhi rangi hiyo ya uongo daima.

Arusha ni jiji linalojua thamani ya kumbukumbu. Hapo ndipo ilipokaa Jumuiya ya awali ya Afrika Mashariki tangu 1967 hadi 1977, na eneo la Lakilaki, jirani na jiji, linatunza nyaraka za mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Lakini muziki na mahubiri ya ukanda huu wa Meru na Kilimanjaro hayakuandikwa yote kwenye mashine za taasisi. Arusha Jazz ya ndugu wa Kinyonga, iliyoundwa mwaka 1970, ilihamia Mombasa mwaka uliofuata na kuwa Simba Wanyika; bendi na kwaya zilizobaki zilitegemea studio ya redio ya Dar es Salaam au tepurekoda ya yeyote aliyekuwa nayo. Urithi huo una tepu za aina zote mbili, na tepu ya sebuleni yaweza kubeba wimbo ambao hakuna studio iliyouhifadhi. Kwa hiyo kutofautisha hadhi hakumaanishi kudharau ya nyumbani. Kunamaanisha kwamba tepu ya studio hufika ikiwa na vipimo vyake, ilhali ya nyumbani inahitaji mtu wa kuvitafuta: kasi, idadi ya njia, kanuni ya ulinganishaji, na ikiwezekana aina ya mashine. Taasisi inayotaka kuokoa sauti za kaskazini ianze kwa kuyaandika hayo kwenye kila boksi, na ilipe mshahara wa fundi kabla ya kununua kompyuta mpya.