Historia ya Gitothua: Kutoka Hisa ya Shamba Hadi Ploti ya Mjini

Gitothua ni wadi ya Ruiru, katika kaunti ya Kiambu, kwenye njia iendayo Thika kutoka Nairobi. Anayetaka kujua mji wa Ruiru ulivyokua aanze na ardhi: nani aliimiliki, nani aliigawa, na kwa vipimo gani.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwafungulia walowezi milango. Nyanda za Ruiru na Thika zikawa mashamba makubwa ya mkonge na kahawa, na waliolima wakakaa kambini bila hata kipande chao wenyewe. Mwaka 1913 tawi la reli likafika Thika, nalo likaamua mazao yatapakiwa wapi na wachuuzi watakutana wapi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wananchi walijiunga katika vyama na makampuni ya kununua ardhi. Mwanachama alichanga pesa, akapewa hisa, kisha shamba la mlowezi likapimwa na kugawanywa. Huo ulikuwa ushindi mkubwa kwa familia zilizokuwa zimenyang'anywa. Lakini mgawanyo ule ulikuwa wa wakulima, na vijia vilivyotosha mkokoteni wa kahawa ndivyo vilivyokuja kuwa barabara za mtaa.

Mwaka 1985 watafiti wa Ruiru walitoa mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Miaka minne baadaye mkataba wa kimataifa uliodhibiti mgao wa mauzo ya kahawa ukavunjika, na bei ikaporomoka. Wengi wakapiga hesabu wakaona ekari ya kahawa haishindani na ploti za futi 50 kwa 100. Mibuni ikang'olewa.

Kisha ikaja barabara kuu ya Thika, iliyopanuliwa kati ya 2009 na 2012. Mfanyakazi wa Nairobi aliweza sasa kulala Ruiru na kuwahi kazini. Nyumba za mawe zikapandishwa ghorofa juu ya ghorofa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120, ukawa mji wa nne kwa wingi wa watu nchini.

Wataalamu wa miji wamejaribu kueleza ukuaji wa aina hii. Mwanasosholojia Ernest Burgess, akiitazama Chicago mwaka 1925, aliuchora mji kama duara zinazotanuka kutoka katikati. Mwanauchumi Homer Hoyt, mwaka 1939, alisema mji hunyooka kufuata njia za usafiri. Ruiru inampa Hoyt haki zaidi, ila inaongeza somo lake: njia huwaleta watu, lakini mwenye kugawa ardhi ndiye huamua wataishije. Ploti zikiuzwa kabla ya kutengwa nafasi ya shule, mtaro na bomba la majitaka, kila baraza linalofuata hurithi deni hilo, na kulilipa ni kununua tena kilichokwisha kuuzwa, au kubomoa nyumba za watu.

Mashamba ya kahawa yaliyosalia Kiambu bado yanagawanywa leo. Kaunti isiidhinishe mgawanyo wowote usio na barabara pana, maji na uwanja wa umma. Hiyo ndiyo mipango miji yenyewe, na wakati wake ni kabla ya hati ya kwanza kutiwa sahihi.