Mzunguko wa modeli ya gari na wakati wa kununua jipya

Mzunguko wa modeli ni muda unaopita tangu kizazi kimoja cha gari kianze kutoka kiwandani hadi kizazi kinachokirithi kichukue nafasi yake. Kwa magari mengi ya abiria muda huo ni kati ya miaka mitano na minane, na karibu katikati yake gari hupigwa msasa: bampa na taa hubadilishwa, dashibodi huguswa, pengine injini nyingine huongezwa, lakini bodi na milango hubaki ile ile. Anayenunua gari jipya kwa wakala hujikuta, apende asipende, ameingia mahali fulani ndani ya mzunguko huo. Magari mawili yenye jina moja, yaliyouzwa kwa bei moja na kupishana mwaka mmoja tu, yanaweza kuwa na kasoro tofauti, na siku ya kuuzwa tena yakawa na thamani zisizokaribiana.

Desturi ilikoanzia

Henry Ford hakuwa na haja na mzunguko wa namna hii. Model T yake ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ikirekebishwa kidogo kidogo bila kubadilishwa jina. Aliyempiku ni Alfred P. Sloan wa General Motors, ambaye katika miaka ya 1920 alitambua kwamba mtu mwenye gari zima kabisa anaweza kushawishika kununua jingine, mradi lake lianze kuonekana la zamani. Mwaka 1927 kampuni hiyo ilimkabidhi Harley Earl idara ya kubuni maumbo, na kubadilisha sura kila mwaka kukawa desturi ya Marekani. Mwaka huohuo Ford alilazimika kusimamisha viwanda vyake kwa miezi kadhaa ili kujiandaa kwa Model A, kwa kuwa hakuwa na mrithi aliye tayari.

Wajapani walijipangia mwendo wao. Kwa miongo kadhaa ratiba ilikuwa kizazi kipya kila baada ya miaka minne, na msasa baada ya miaka miwili. Toyota Corolla inaonyesha mwendo huo: vizazi vyake vilitoka Japani mwaka 1966, 1970, 1974, 1979, 1983, 1987, 1991, 1995 na 2000. Baada ya hapo pengo likapanuka: 2006, 2012, 2018. Volkswagen Golf imetembea polepole zaidi, vizazi vinane kati ya 1974 na 2019.

Yapo pia yasiyofuata ratiba ya mtu. Beetle ya mwisho ya muundo wa zamani ilitoka Puebla, Mexico, mwaka 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iko sokoni tangu 1984, imebadilishwa pua na injini mara kadhaa lakini umbo lake halimchanganyi mtu. Mnunuzi wa magari ya aina hii hana mzunguko wa kuuhofia, na ndiyo sababu moja ya mashirika ya misaada kuyapenda: fundi aliyelizoea la zamani hahitaji kuanza upya.

Mwaka wa kwanza

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kwamba usinunue gari la mwaka wa kwanza. Una msingi. Magari ya majaribio huwa mamia. Magari ya wateja huwa maelfu, nayo hukutana na joto, vumbi, mafuta mabaya na madereva ambao hakuna mhandisi aliyewawazia. Kiwandani kwenyewe wafanyakazi bado wanajifunza kuliunganisha, na baadhi ya watengenezaji wa vipuri ndio kwanza wanaanza kazi hiyo. Ford ilipoanza kutengeneza Explorer mpya mjini Chicago mwaka 2019, magari mengi yalipelekwa kwanza katika kiwanda cha Flat Rock, Michigan, kurekebishwa kabla ya kufika kwa mawakala. Mwaka 2022 Toyota iliwataka wenye bZ4X, gari lake jipya la umeme, waache kuliendesha wiki chache tu baada ya mauzo kuanza, kwa sababu bolti za magurudumu zingeweza kulegea hadi gurudumu likachomoka. Hii ni kampuni iliyokuwa imefunga bolti za magurudumu kwa zaidi ya miaka themanini.

Hata hivyo ushauri huo ukichukuliwa mzimamzima hupotosha. Jambo la kuuliza ni kipi hasa kilicho kipya. Gari linaweza kuwa na bodi mpya juu ya injini na giaboksi ambazo zimekwisha kula barabara ya miaka mingi. Land Cruiser 70 iliyorudi Japani mwaka 2023 ilikuwa na injini ya dizeli ya lita 2.8 iliyokuwa ikitumika kwenye Prado na Hilux tangu 2015. Aliyenunua ile ya kwanza kabisa hakuwa anafanyiwa majaribio.

Kinyume chake pia hutokea. Golf ya kizazi cha nane iliundwa juu ya msingi wa MQB, uleule wa Golf ya 2012, na injini zake nyingi zilikuwa zikijulikana. Kwa hesabu ya kawaida lilipaswa kuwa gari la mwaka wa kwanza lisilo na wasiwasi. Kilichokuwa kipya ni umeme na programu zake, na hapo ndipo lilipokwama: Mei 2020 Volkswagen ilisimamisha kukabidhi magari kwa wateja kwa sababu ya hitilafu katika programu ya mfumo wa kupiga simu ya dharura, mfumo ambao sheria ya Ulaya inaulazimisha kwenye modeli mpya tangu 2018. Siku hizi, kwa maoni ya mwandishi huyu, orodha ya maswali ya mnunuzi inapaswa kuanzia kwenye skrini ndipo ishuke kwenye injini. Pistoni inaeleweka kwa kila fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Programu iliyogoma humsubiri wakala mwenye kompyuta ya kampuni.

Mwaka wa kwanza una mvuto wake pia. Bei haipunguzwi, kweli, lakini gari litabaki kuwa la umbo la sasa kwa miaka yote ya kizazi hicho, na kwa mtu anayebadilisha gari kila baada ya miaka mitatu jambo hilo lina fedha ndani yake.

Baada ya msasa

Toleo lililopigwa msasa ndilo wanunuzi wengi waangalifu hulisubiri. Kasoro za mwanzo zimekwisha kujitokeza, waranti zimekwisha kuilipisha kampuni, na wahandisi wamerekebisha hata mambo ambayo hayakutangazwa popote. Mfano mzuri ni Honda Civic iliyotoka Marekani mwaka 2011 ikiitwa modeli ya 2012. Jarida la Consumer Reports liliiondoa katika orodha ya magari linayoyapendekeza, likilalamikia plastiki za ndani, kelele na uendeshaji. Honda haikusubiri nusu ya mzunguko. Kabla mwaka 2012 haujaisha ilikuwa imeleta modeli ya 2013 yenye sehemu ya ndani bora zaidi na utulivu zaidi barabarani. Waliokimbilia ile ya kwanza walibaki na gari lililozeeka ndani ya takriban mwaka mmoja na nusu.

Golf ya nane nayo ilipopigwa msasa mwaka 2024 ilirudishiwa vitufe halisi kwenye usukani, baada ya wateja kulalamikia vile vya kugusa.

Tahadhari moja tu. Msasa ukileta injini mpya au giaboksi mpya, kwa sehemu hiyo gari limerudi mwaka wa kwanza, hata kama taa za mbele zinavutia kiasi gani.

Mwaka wa mwisho

Mrithi akikaribia, dalili huonekana mapema. Magari yaliyovikwa vitambaa vyenye michoro ya kupoteza macho hupigwa picha barabarani. Matoleo ya kuaga yenye nembo maalumu na viti vya rangi ya pekee huanza kutoka. Vifaa vilivyokuwa vya kulipia huwekwa bure. Kampuni hujitahidi kuficha tarehe, kwa kuwa zikijulikana mapema wateja huacha kununua na yadi ya wakala hujaa.

Hapo ndipo punguzo hupatikana, na hapo ndipo mtu anapaswa kujua atakaa na gari muda gani. Tuseme gari linauzwa shilingi milioni 5 za Kenya, na la umbo linaloondoka limepunguzwa hadi milioni 4.5. Baada ya miaka mitatu la umbo jipya linauzwa milioni 3.2, la zamani milioni 2.5. Mwenye jipya amepoteza milioni 1.8, mwenye punguzo amepoteza milioni 2: punguzo limemezwa na zaidi. Lakini wote wawili wakikaa miaka kumi, tofauti ya umbo husinyaa, moja likauzwa milioni 1.1 na jingine laki 9. Sasa aliyenunua la mwisho amepoteza milioni 3.6 na mwenzake milioni 3.9. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, ila mwelekeo wake ndio huo: gari la mwaka wa mwisho humfaa mtu wa kulitumia hadi lichoke, na humwadhibu anayeuza mapema. Juu ya hayo, anayekaa nalo hupata gari lililokomaa kuliko yote ya kizazi chake.

Kuna wakati kanuni hii hugeuka. Land Cruiser 200, shangingi lililobeba viongozi wengi wa Afrika Mashariki tangu 2007, lilirithiwa na 300 mwaka 2021. Kwa kawaida la zamani lingeporomoka bei. Lakini wingi wa oda ulifanya Toyota itangaze Januari 2022 kwamba mteja wa Japani angeweza kusubiri hadi miaka minne. Mrithi asiyepatikana hashushi bei ya mtu.

Na yapo magari ambayo mwaka wake wa mwisho haufiki kwa sababu huhamishiwa jina jingine. Golf ya kwanza iliendelea kutengenezwa Afrika Kusini kwa jina la Citi Golf kuanzia 1984 hadi 2009, miaka mingi baada ya Ulaya kuisahau. Iliyoshika nafasi yake mwaka 2010 ni Polo Vivo, nayo ni Polo ya kizazi kilichotangulia iliyopewa jina jipya. Vivo hiyo ndiyo iliyoanza kuunganishwa Thika, Kenya, mwishoni mwa 2016. Mnunuzi hulipa kidogo na kupata chuma kilichothibitishwa. Asichopata ni vifaa vya usalama vya kizazi kipya.

Kalenda ya wauzaji

Mbali na mzunguko wa modeli kuna mzunguko wa mwaka, ambao ni mdogo kwa uzito lakini haupuuziki kwa anayependa kubembeleza bei. Marekani modeli ya mwaka ujao huanza kuuzwa miezi kadhaa kabla mwaka wenyewe haujafika, hivyo yaliyobaki ya mwaka unaoisha hupunguzwa bei kuelekea Desemba. Uingereza namba za usajili hubadilika Machi na Septemba, na majuma yanayotangulia huwa mazuri kwa asiyejali namba yake inasema nini. Japani mwaka wa fedha wa kampuni nyingi hufungwa Machi, mwezi ambao wakala hupenda kufikisha hesabu.

Magari ya umeme

Tesla haifuati msasa wa katikati kwa utaratibu wa wengine. Hubadilisha vitu wakati wowote, vingine kwa programu inayotumwa gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Bei zake nazo hazingoji kizazi kipya. Januari 2023 ilishusha bei Marekani, kwa baadhi ya magari kwa karibu asilimia 20, na ilipozishusha nchini China wateja waliokuwa wametoka kununua waliandamana kwenye maduka yake. Kwa gari la namna hii kuuliza liko mwaka wa ngapi wa mzunguko kunasaidia kidogo. La maana zaidi ni betri ya aina gani imewekwa na mkataba wa waranti unaifunika kwa muda gani.

Katika Afrika Mashariki

Wanaonunua gari likiwa jipya kabisa katika eneo hili ni hasa serikali, mashirika na kampuni; wengine wengi hununua lililotumika Japani. Mzunguko wa modeli huwafikia hao pia, ila kwa kuchelewa. Mjapani hufanya ukaguzi wa kwanza wa lazima gari jipya likitimiza miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na wengi huliuza kuliko kulipia ukaguzi. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza: mwaka 2024 yaliyoruhusiwa yalikuwa ya kuanzia 2017. Uganda imezuia yenye miaka 15 au zaidi tangu 2018, na Tanzania huyatoza ya zamani ushuru wa ziada.

Kwa kuwa mnunuzi wa Kenya hutafuta gari lililo karibu na ukomo huo ili kupunguza bei, kundi la kwanza la kizazi kipya kujaa katika yadi za Mombasa na Nairobi huwa ni yale ya mwaka wa kwanza wa kutengenezwa. Nafuu yake ni kwamba kasoro kubwa mara nyingi zimekwisha kurekebishwa Japani kwa gharama ya kampuni, na rekodi za urekebishaji huo hutafutwa kwa namba ya fremu. Mwaka uliomo kwenye karatasi ni wa kusajiliwa, nao unaweza kuja miezi kadhaa baada ya gari kutengenezwa, jambo lenye uzito pale msasa ulipotokea katikati. Wanaojua huvuta mkanda wa kiti hadi mwisho na kusoma lebo iliyoshonwa chini yake: tarehe ya kutengenezwa mkanda huwa haipishani sana na ya gari lenyewe, isipokuwa mkanda uwe umebadilishwa, na hapo linazuka swali jingine la kumuuliza muuzaji.