Mwana wa Askofu na Mwana wa Luba

Kila siku twasema Sala ya Bwana, na ndani yake twaomba tusamehewe kama sisi nasi tuwasamehevyo wenzetu. Neno hilo ni jepesi kinywani, bali moyoni ni zito. Basi twataka kuwakumbusha habari ya kale, tuone jinsi uzito huo ulivyochukuliwa.

Mwezi wa Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka pwani, upande wa Mombasa, pamoja na wapagazi wapata 200, akashika njia ya kupita nchi ya Wamasai kwenda Buganda. Hakujua ya kuwa Kabaka Mwanga aliiogopa sana njia ya mashariki. Wazee walikuwa wamesema kwamba watakaoitwaa nchi watatokea upande huo, na mwaka uo huo zilifika habari kwamba Wajerumani wanatwaa nchi za pwani.

Askofu akamwacha Padre William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, angoje Kavirondo na wapagazi wengi. Mwenyewe akaendelea na watu wapata 50. Huko Busoga, Luba, mkuu wa mahali pale, alimkamata, akapeleka habari kwa Mwanga. Amri ikarudi. Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu aliuawa, na wapagazi wake karibu wote wakauawa kwa mikuki pamoja naye. Padre Jones aliwarudisha waliosalia hata Rabai mwanzo wa 1886.

Miaka ikapita. Tarehe 31 Desemba 1892 mifupa ya Askofu ilizikwa Namirembe, na Mwanga mwenyewe alikuwapo mazikoni. Tena baadaye Joseph, mwana wa Askofu, alikwenda Uganda kuwa mhubiri, na kwa mkono wake alimbatiza mwana wa Luba.

Tufikiri kidogo. Kumsamehe mtu si kusema kwamba hakukosa. Damu ilimwagika, na kila mtu alijua ni nani aliyeimwaga. Lakini Joseph hakungoja nyumba ya Luba imjie. Yeye aliyekosewa ndiye aliyesafiri. Naye mwana wa Luba aliinamisha kichwa chake mbele ya mtu ambaye angaliweza kumdai damu. Wote wawili walihitaji ushujaa.

Walakini tusiwasahau wapagazi. Majina yao hayakukumbukwa kama jina la Askofu. Mwana wa Askofu aliweza kusamehe kwa ajili ya baba yake. Hakuweza kusamehe kwa ajili ya wajane na yatima wao. Hao msiba wao waliuchukua wenyewe, na kama walisamehe, walisamehe pasipo kushuhudiwa na mtu. Twadhani msamaha ulio mwingi duniani ndio wa namna hiyo.

Nasi vijijini mwetu twanuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba, au mbuzi mmoja wa mahari, hata watoto wetu huurithi ugomvi kabla ya kulirithi shamba lenyewe. Basi ndugu, kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, na tuondoke tuiendee nyumba ile tunayoipita kila siku bila kupiga hodi. Si mbali kama Busoga.