Wenye Akiba Mlangoni kwa Mbunge: Madai ya Amana Zilizopotea Kitui na Makueni

Madai ambayo wakazi wa Kitui na Makueni wamekuwa wakiyapeleka kwa wanasiasa wao, kuhusu akiba iliyozama katika taasisi za fedha zilizoanguka, yana mizizi katika namna Wakamba, wenyeji wa maeneo hayo ya Kenya, walivyozoea kuaminiana. Kabla ya matawi ya benki kuwafikia, kazi nzito ilifanywa na mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kwa zamu, ambacho katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikitumia kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992. Baada ya uhuru, vikundi vya akina mama viliendeleza desturi hiyo kwa kuchangiana pesa, na aliyeuza mbuzi, asali, pojo au maembe alijua ni kwa nani angeenda kuuliza iwapo mchango wake ungechelewa kurudi.

Benki ilivunja ujirani huo, na sheria ilichelewa kuweka kitu kingine mahali pake. Ni baada ya kampuni ya Rural Urban Credit Finance kuanguka mwaka 1984 ndipo serikali ilipoanzisha, kwa sheria ya mwaka 1985, Hazina ya Ulinzi wa Amana, ambayo kazi yake ilikuwa kumlipa mweka amana sehemu ya fedha zake pindi benki inapofungwa. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa shilingi 100,000, na aliyekuwa na zaidi ya hapo alimsubiri mfilisi, yaani ofisa anayekusanya madeni na kuuza mali ya benki iliyokufa, kazi ambayo huweza kuchukua miaka mingi, kama wateja wa Trust Bank, iliyofungwa mwaka 1998, walivyojionea.

Pigo lililowaumiza zaidi watu wa kipato kidogo, hata hivyo, halikutoka kwa benki zenye leseni. Kati ya 2006 na 2007 Kenya ilijaa miradi ya upatu wa piramidi, ambamo faida ya waliotangulia hutokana na pesa za wanaofuata, na ambayo haina budi kuanguka wageni wanapopungua. Kwa mwanakijiji, ofisi yenye kaunta, fomu na stakabadhi yenye mhuri haikutofautiana na benki. Tofauti aliijua siku alipokuta mlango umefungwa, naye akaambiwa kwamba Hazina haihusiki kwa kuwa taasisi hiyo haikuwa na leseni ya Benki Kuu. Benki Kuu iko Nairobi, mahakama inadai wakili na ada, bali mbunge anapatikana kwenye harambee, mazishini na katika baraza la chifu. Kwa hiyo kumwendea yeye kulikuwa uamuzi wa busara, na wanaouona kuwa ujinga hawajapima umbali wa milango mingine.

Shinikizo hilo halikupotea bure. Serikali iliunda jopo kazi chini ya Francis Nyenze, aliyekuwa mbunge wa Kitui Magharibi, nalo lilibaini kwamba watu 148,784 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8.2 katika miradi 270. Hizi ni hesabu za kuhuzunisha, maana nyuma yake kuna karo za shule na mifugo iliyouzwa. Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya mwaka 2008 iliweka usimamizi mkali zaidi juu ya sacco, na Ibara ya 119 ya Katiba ya 2010 ikampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, njia ambayo haimlazimu mlalamikaji kumbembeleza mheshimiwa.

Lakini Bunge hutunga sheria na kuhoji. Halirudishi pesa zilizokwisha kuliwa. Wateja wa Imperial Bank na Chase Bank, zilizowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayekabidhiwa benki iliyoyumba, mwaka 2015 na 2016, angalau walikuwa na Shirika la Bima ya Amana, lililorithi kazi ya Hazina, na tangu Julai 2020 kiwango cha fidia kimepandishwa hadi shilingi 500,000. Ulinzi huo unahusu taasisi zenye leseni ya Benki Kuu peke yake, na anayeweka pesa nje ya hizo, awe katika mji wa Mwingi huko Kitui au wa Wote huko Makueni, hana hata shilingi moja iliyokatiwa bima hiyo.