Mfahamu Abdulrazak Gurnah, mwandishi aliyewapa sura askari wa vita vilivyopita Matombo

Agosti 26, 1916, wanajeshi wa Uingereza waliingia mjini Morogoro na kukuta Wajerumani wa Paul von Lettow-Vorbeck wameshaondoka kuelekea Kisaki. Waingereza wakawafuata, na baadhi yao walipita mashariki ya milima ya Uluguru, njia ya Mikese na Matombo, mpaka Duthumi.

Habari za vita hivyo ziliandikwa zaidi na maofisa wa Kizungu, na majina yaliyobaki vitabuni ni yao. Askari weusi wa pande zote mbili, na wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, maradhi na kazi ngumu, wengi wao walibaki kuwa hesabu tu.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, Mzanzibari anayeishi Uingereza aliwarudia watu hao kwa njia ya riwaya. Huyo ni Abdulrazak Gurnah.

Ni nani?

Gurnah alizaliwa Zanzibar Desemba 20, 1948. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalimkuta akiwa bado mwanafunzi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliondoka kwenda Uingereza, na hakurudi kuona nyumbani mpaka 1984.

Alisoma mpaka shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent, aliyoipata 1982. Alifundisha kwa muda Kano, Nigeria, kisha akarudi Kent kufundisha fasihi hadi alipostaafu.

Si mwandishi wa riwaya peke yake. Ameandika insha na uhakiki kuhusu waandishi kama Wole Soyinka, Ngũgĩ wa Thiong'o na Salman Rushdie. Pia alihariri majuzuu mawili ya insha kuhusu uandishi wa Afrika, 1993 na 1995.

Vitabu vyake

Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka 1987. Iliyomtangaza ni Paradise ya 1994, iliyoingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Inamhusu Yusuf, kijana anayechukuliwa na mfanyabiashara tajiri ili kufidia deni la baba yake.

Baadaye zikafuata By the Sea (2001), Desertion (2005), Gravel Heart (2017) na nyinginezo. Nyingi zinagusa jambo moja: mtu anayeondoka kwao, na kile anachobeba moyoni.

Afterlives ya 2020 ndiyo inayoingia vitani moja kwa moja. Hamza anajiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani, anajeruhiwa, anauguzwa kwenye misheni, kisha anarudi kwenye mji wa pwani kuanza upya. Ilyas naye anakwenda vitani, na dada yake Afiya anabaki miaka mingi akisubiri habari zake. Si historia ya Matombo, lakini ni vita vile vile.

Nobel na mjadala wa uraia

Oktoba 7, 2021, Gurnah alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, wa kwanza kutoka Tanzania. Furaha ilikuja na swali: je, ni wetu au ni wa Waingereza? Mjadala ulipamba moto mitandaoni, hasa kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima.

Sasa anasomeka kwa Kiswahili

Kumbe kulikuwa na swali jingine zito zaidi: je, watu anaowaandika wanaweza kumsoma? Gurnah anaandika kwa Kiingereza, ingawa lugha aliyokulia ni Kiswahili.

Jibu lilianza kupatikana 2022, Mkuki na Nyota walipochapisha Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis.

Kwa anayetaka kumsoma Gurnah, hapo ni pazuri pa kuanzia. Peponi inaishia pale askari wa Mjerumani wanapofika wakikamata watu, na vita vinakaribia. Miaka michache baadaye, vita hivyo vilifika Uluguru.